Leseni yenye Jina la Mama

Lotosina, Savai'i
Jumatatu, siku moja baada ya Jumapili ya watoto

Kwa kaka yangu mpendwa Iosefo, ambaye sasa napaswa kukuita Maulupe,

Pokea salamu zangu nyingi, mimi dada yako Sinalei. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Etevise na watoto, na kwamba mgongo uliokusumbua kule kiwandani umepoa. Sisi huku hatujambo, Mungu anatusaidia. Mama ni mzima kabisa. Amenenepa kidogo, anaimba asubuhi, na juzi alimkemea mchungaji kwa kula haraka. Kwa hiyo ukiwa na wasiwasi wa afya yake, uweke chini.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Kwenye simu, kaka, wewe husema na sisi husikiliza, na zamu yangu ikifika mtandao hukatika. Barua haikatiki. Leo ni sikukuu, duka limefungwa, nimekaa kwa mjomba na kalamu yangu, na utanisikiliza mpaka mwisho.

Ndiyo, nimesema duka. Tulia, nitafika huko.

Nianzie Pasaka. Unakumbuka ulipiga simu, nikaiweka spika, Mama akakuomba ruhusa ya kujenga kibanda mbele ya nyumba yetu Satuiala, pale barabarani, auze panikeke na keke zenye nyama ya nguruwe ndani, na Jumamosi auze chakula cha tanuri la mawe. Akakueleza kwamba watu wa leseni wanataka idhini ya mwenye cheo juu ya ardhi, na tangu tulipokuvika cheo cha baba, Maulupe, mwenye cheo ni wewe. Ulicheka kwanza. Kisha ukasema, "Mama, kwani unakosa nini? Hela si natuma? Unataka Satuiala nzima iseme Maulupe anakula nyama Brisbane, mama yake anauza maandazi barabarani?" Mama akajibu, "Haya, mwanangu, nimesikia," akaenda kuanua nguo. Ukadhani yamekwisha. Na mimi nilidhani yamekwisha, kwa hiyo hapo hatuchekani.

Kesho yake akaniambia nifunge mizigo twende kwao Savai'i kumsalimu mjomba Penaia. Ndivyo nilivyokuambia, na ndivyo nilivyojua mimi mwenyewe. Kwenye feri alikaa na kikapu mapajani. Nilipomwuliza kama bahari inamsumbua alinijibu nimwache, anafikiri.

Sasa hapa, kaka, soma polepole. Tulipoingia nyumbani kwa mjomba, wake wa wajomba walikuwa wametandika mkeka mbele ya nyumba, pale wanapokaa watu wa heshima. Nikaelekea nyuma, upande wa jiko, kama tulivyozoea mimi na Mama. Nilipogeuka sikumwona nyuma yangu. Alikuwa amekwenda moja kwa moja mpaka kwenye ule mkeka, amekaa, mgongo umenyooka, na mtoto mmoja wa kike amekwisha kuanza kumpepea. Akaniita, "We Sinalei, unatafuta nini jikoni? Njoo ukae."

Satuiala hukuwahi kumwona Mama amekaa mbele, na mimi sikuwahi. Shangazi zetu ndio wakaao mbele. Mama alikuwa mke aliyeolewa kwa watu. Wageni wakija yeye ni wa kufukuza nzi, kuosha vyombo, kula mwisho. Nilifikiri ni tabia yake, kwamba ameumbwa mpole. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na Mama aliivaa ile kamba miaka mingi hata sisi wanawe tukaiona kama sehemu ya mguu. Niliona haya, kaka, nakwambia kweli. Kisha mjomba Penaia mwenyewe, yule mzee ambaye akikohoa tu vijana wa kijiji wanazima sigara, akaja na magimbi na samaki kwenye kikapu cha makuti, akamwekea dada yake mbele, akarudi nyuma akakaa kungoja ashibe.

Mama alipokwisha kula alisema haja yake. Aliisema vizuri, kwa maneno ya heshima, akieleza tangu mwanzo. Hakupata nafasi ya kumaliza. Mjomba alimkatiza kwa swali moja tu, "Dada, unataka upande gani wa barabara?"

Mama akasema anataka upande wenye kivuli.

Ulidhani hadithi imeishia hapo? Ndiyo kwanza ilianza. Ruhusa ya ardhi ilikuwa mlango wa kwanza tu, serikali ina milango mingi kuliko kanisa. Kwanza ilitakiwa barua ya baraza la kijiji. Wazee walikaa, wakanywa kava, wakazungumza, wakakubali kwa masharti mawili: duka lifungwe gunda la sala ya jioni likilia, na Jumapili lisifunguliwe hata kama malaika anataka panikeke. Mzee mmoja msemaji, mtu wa maneno, aliongeza kwamba za kwanza kabisa ziletwe barazani, wazikague wao kabla ya serikali. Mama akajibu kutoka pale mbele kwamba wazee hawana cheti cha kukagua, wangoje foleni. Walicheka mpaka kava ikamwagika. Mama yetu huyo! Kule Satuiala sikuwahi kumsikia akisema neno katikati ya wazee, sembuse mzaha.

Kisha ofisi ya leseni kule Salelologa. Alivaa gauni lake la kanisani, lile la bluu. Karani alikuwa binti mmoja aitwaye Moelagi, ua sikioni, macho kwenye kompyuta. Akauliza bila kumtazama, "Mama, wewe ni mke wa nani?" Mama akamjibu, "Mume wangu amelala kaburini, binti yangu, hatakuja kukaanga. Andika Fuatino." Watu wote kwenye benchi waliangua kicheko. Moelagi akainua macho, akacheka pia, na kuanzia hapo akawa mwenzetu. Lakini urafiki haukupunguza kitu. Tulirudishwa kwa sababu ya namba ya mlipakodi, tukarudishwa kwa sababu ya picha, tukarudishwa tena kwa sababu cheti cha kuzaliwa cha Mama kilikuwa Apia kwenye kabati la ofisi nyingine. Kila safari Mama alisema asante. Kwenye basi alikuwa akiyarudia matakwa ya serikali kwa sauti ndogo, kama mtoto anayekariri mistari ya Jumapili ya watoto.

Siku moja nilichoka. Nikamwambia, Mama, si uuze tu kimyakimya kama wengine, nani atakuja kukutafuta huku? Alinitazama sana. Akasema, "Maisha yangu yote nimepika vizuri, na watu wamekula wakisifu nyumba ya Maulupe. Hiki nataka kikiwa kizuri kiwe changu, na kikiwa kibaya waje kunishika mimi."

Sasa nikuchekeshe. Yeyote atakayegusa chakula lazima apimwe hospitali, na miongoni mwa vipimo ni choo. Sisi wanawake tulipiga moyo konde. Tatizo lilikuwa mjomba. Alikuwa amekataa katakata dada yake achome mawe ya tanuri wakati yeye yu hai, kwa sababu tanuri ni kazi ya wanaume na kumlisha dada ni kazi ya kaka. Basi, kama yeye ndiye mpishi wa Jumamosi, na yeye apimwe. Nilidhani atakataa. Alivaa shuka lake jeusi la mikutano, akaweka kichupa chake kwenye kikapu kizuri, akakifunika kwa kitambaa, akapanda basi. Njiani mama mmoja mnene, mwenye heshima zake, aliona kikapu kimefunikwa vizuri vile, akauliza, "Mheshimiwa, umetubebea nini leo?" Mjomba akajibu bila kutikisika, "Mambo ya serikali." Yule mama akainamisha kichwa kwa adabu. Mimi nilitazama dirishani mpaka Salelologa, mashavu yananiuma.

Halafu akaja mkaguzi wa afya, na hapo ndipo nusura tuharibu kila kitu. Tuliharibu kwa adabu, kaka, kama ilivyo kawaida yetu. Mjomba aliposikia mgeni wa serikali anakuja, hakuweza kumpokea mikono mitupu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Vijana wakachoma nguruwe mzima, wakaleta mkeka mwembamba wa heshima, mzee msemaji akasimama na fimbo yake na usinga begani. Bwana Elisara mwenyewe ni kijana mwembamba mwenye mkoba na kipimajoto. Alishuka kwenye gari lake dogo akakuta kijiji kizima kimekaa, na nguruwe anang'aa mbele yake. Alitoka jasho. Alisubiri hotuba iishe, akapiga magoti, akasema, "Wazee wangu, nisameheni sana. Nikimpokea nguruwe huyu, sitaweza kuandika neno juu ya jiko lile."

Wewe unajua kwetu maana ya kumkataa nguruwe aliyeletwa mbele ya wazee. Uso wa mjomba ulikunjamana. Kijana mmoja nyuma akanong'ona, "Mtoto wa nani huyu, hakufunzwa?" Nikajua leseni imekwenda, na pengine yule mkaguzi atatembea kwa miguu mpaka feri.

Mama akasema kutoka mahali pake, sauti haikupanda, "Kaka yangu amefanya haki, na mgeni wetu amefanya haki. Kosa ni letu wanawake, hatukuwaambia. Nguruwe huyu ni wa mchungaji."

Kila mtu akamtazama nguruwe. Mchungaji akamtazama nguruwe. Mkewe, ambaye ana akili kuliko sisi wote, akadakia papo hapo, "Hasa. Tena Bwana Elisara, wewe ni mgeni wetu tangu uliposhuka garini, ukimaliza kazi yako utakula mezani kwa mchungaji. Huwezi kuondoka Lotosina na njaa, kazi yako ikiisha wewe ni mtu kama watu." Mzee msemaji hakupoteza hata pumzi, akageuza fimbo upande wa mchungaji na kuanza hotuba upya. Uso wa mjomba ukakunjuka. Bwana Elisara akainuka, akachukua mkoba, akaenda jikoni.

Na akatunyima! Naam. Alisimama mbele ya wale wazee wote, karatasi mkononi, akasoma kwamba jiko halina wavu wa kuzuia nzi, halina bomba la kunawia mikono, na nguruwe wa kijiji wanapita mlangoni watakavyo. Kisha akaenda kula kwa mchungaji, akala sana. Mjomba akasema kwa sauti ya chini iliyosikika mpaka barabarani, "Amemwacha nguruwe aliyekufa, amewakamata walio hai."

Mimi nilikasirika. Mama hakukasirika hata kidogo. Alimsindikiza kijana yule mpaka garini akimwuliza bomba lingefaa kukaa upande gani wa mlango. Alimwambia mama yake amemlea vizuri. Usiku ule, tulipokuwa tunalala, aliniambia amefurahi kukataliwa na mtu mwaminifu, maana sasa akimkubali itakuwa kweli.

Kazi iliyofuata ulipaswa kuiona. Yule aliyenong'ona na vijana wenzake ndio waliobeba mawe meusi ya volkano, wakajenga ukuta kuwazuia nguruwe, na wake wa wajomba wakagongomea wavu. Mjomba alichimba mtaro wa bomba kwa mikono yake. Nilimwambia, mjomba, pumzika, vijana wapo. Akanijibu, "Mama yako alikaa kwenu muda wote ule akichota maji ya watu. Niache nimchotee hili." Kisha akachimba tena, na mimi nikaenda kulia nyuma ya jiko kama mjinga.

Bwana Elisara alirudi bila kutoa taarifa. Alimkuta Mama ananawa mikono. Hakuna aliyemwambia anawe, wala hakumwona mkaguzi akija. Akapima maji, akapima mafuta, akatazama kucha zangu (kwa nini zangu?), akaweka muhuri. Wiki iliyofuata Moelagi alitoka nyuma ya meza yake kumkabidhi Mama leseni kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtu wa cheo.

Siku ya kufungua nilikuwa ndani nakaanga. Nikasikia watoto wa shule nje wanapiga kelele, "Fuatino! Fuatino! Tupe nne, Fuatino!" Nikajiuliza, ni nani huyo wanayemwita kwa ukali hivi? Nilikuwa nimeshika kijiko cha mafuta, nikasimama kama mti. Jina la mama yangu mzazi, kaka, na sikulitambua, kwa sababu nililijua la kwenye makaratasi tu, sijawahi kulisikia likiitwa. Kule alikuwa mke wa Maulupe, kisha mama wa Maulupe. Nilitoka nikamwona anawahudumia, amewakunjia uso kwa kukosa adabu, na macho yake yanacheka. Nimemwona Mama katika harusi na misiba na sikukuu zote. Sijamwona mzuri kuliko siku ile.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu, maana najua unasoma ukijisemea kwamba sawa, amecheza duka lake, atarudi Krismasi.

Harudi, Iosefo. Wiki iliyopita ulipopiga simu nikakuambia tumevuka kuja Upolu, ulidhani amefuata dawa. Tulikwenda Satuiala pamoja. Alifagia kaburi la baba, akapanga maua, akakaa pale akizungumza naye kwa muda mrefu, sijui walisemezana nini. Alipoinuka uso wake ulikuwa shwari. Alifunga nyumba uliyotujengea, ile yenye vigae, akampa shangazi Vaega ufunguo, na shangazi ameahidi kulitunza kaburi. Akachukua cherehani yake na picha ya baba. Vingine vyote ni vyako, viko kama ulivyoviacha. Na mimi nimebaki Lotosina naye. Ameniajiri, tena kwa sheria. Ameniandikisha kwenye mfuko wa uzeeni, mimi mwanawe, na nikichelewa asubuhi ananikemea kama mtoto wa jirani.

Nilimwuliza kama ana hasira na wewe. Alishangaa kweli. Akasema, "Hasira ya nini? Alinijibu kama mwenye cheo wa Satuiala, na alisema kweli, ardhi ile si yangu. Alinikumbusha tu kwamba ninayo yangu." Akasema pia kwamba zamu yake kule ameimaliza. Baba amemuuguza, amemzika, cheo amekuona umekivaa. Hana deni na mtu. Wazee husema mkataa kwao ni mtumwa, na yeye, kaka, alikwisha kutumika vya kutosha.

Anakuomba hela unazomtumia uwanunulie watoto viatu. Anataka uje nao Krismasi, wote. Mjomba atakuchomea nguruwe, nawe usimkatae. Utamkuta Mama amekaa mbele ya nyumba, na wewe mwanawe utakaa karibu naye, kwa sababu hapa wewe ni mtoto wa binti wa kijiji, na heshima yako inatoka kwake. Sijui kama utaona vibaya. Natumaini hutaona.

Nisalimie sana wifi Etevise, mwambie panikeke zake hazijapata mshindani mpaka sasa, lakini asilale. Wabusu watoto. Mjomba Penaia, mchungaji na mkewe wanakusalimu, na Bwana Elisara, ambaye sasa hula hapa kila Ijumaa na kulipa kama wengine, anauliza lini atamwona huyo Maulupe.

Ukipiga simu Jumapili, kaka, zungumza na Mama juu ya lolote upendalo. Ila usimwulize anarudi lini nyumbani. Yuko nyumbani.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Sinalei